Simu Imsaidie Mlezi, Isimwongezee Mzigo

Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi na walezi wa Miasenyi, Voi, kuhusu teknolojia ya simu na afya ya watoto. Yamechapishwa hapa ili yawafikie wakazi wa kaunti nzima.



Mada ya leo ni simu, lakini mhusika mkuu si simu. Mhusika mkuu ni mlezi. Mlezi ni yule anayeamka usiku mtoto akikohoa. Anaweza kuwa mama mzazi, baba, nyanya, shangazi, dada mkubwa aliyeacha kazi ya mjini, au jirani anayebaki na watoto wakati mama ameenda kutafuta maji. Serikali inapoleta mtambo, programu au ujumbe wa simu kwa ajili ya afya ya mtoto, huyu ndiye atakayeutumia au kuuacha. Kwa hivyo swali la kwanza kuhusu teknolojia yoyote ya afya ni jepesi: je, inampunguzia mlezi kazi, au inamwongezea?

Kuna sababu ya kuuliza. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, 41 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti kama huo wa mwaka 2014 ulikuwa umepata 52. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, 41 ni watoto, si namba, na watoto wengi wa umri huo huchukuliwa na maradhi yanayojulikana na yenye dawa: nimonia, kuhara na malaria, yakisaidiwa na utapiamlo. Mara nyingi dawa ipo. Kinachokosekana ni muda. Mtoto huchelewa kutambuliwa, huchelewa kufikishwa, au huchelewa kurudi kliniki. Hapo ndipo teknolojia ikitengenezwa vizuri inaweza kusaidia.

Teknolojia isiyohitaji chaji

Tuanze na vitu viwili ambavyo wengi hapa wanavyo au wameviona.

Cha kwanza ni kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kile cha kliniki. Ndani yake mna tarehe za chanjo, uzito wa mtoto uliochorwa kwa mstari, na nafasi ya mhudumu kuandika. Kijitabu hukaa na mlezi. Mama akihama kutoka Miasenyi kwenda Taveta au Mombasa, historia ya mtoto inasafiri naye. Hakihitaji neti wala neno la siri.

Cha pili ni utepe wa kupimia mkono wa mtoto, ule wenye rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, utepe huzungushwa katikati ya mkono wa juu. Kijani ni salama. Manjano, yaani kati ya sentimita 11.5 na 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali, na mtoto apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Zamani upimaji huu ulikuwa wa wahudumu peke yao. Siku hizi katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, wazazi hufundishwa kuwapima watoto wao wenyewe nyumbani, kwa sababu mama anaweza kupima mara nyingi kuliko mhudumu anayepita kwa mwezi. Katika kaunti kame kama hii, vipimo vya mikono ya watoto pia huingia kwenye taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame.

Vitu hivi viwili vinafundisha jambo. Utepe umefaulu kwa sababu asiyejua kusoma anaona rangi. Kijitabu kimefaulu kwa sababu kiko mikononi mwa mwenye mtoto. Programu yoyote ya simu inayotaka kuchukua nafasi yao ianze kwa kufikia kiwango hicho.

Kutoka daftari hadi simu

Kenya si mgeni katika kazi hii. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo wa kompyuta wa kuweka rekodi za wagonjwa wa kituo cha mashambani. Ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya aina hiyo kusini mwa Sahara. Kazi ya Eldoret ilichangia baadaye kuzaliwa kwa OpenMRS, mfumo wa rekodi unaotumika leo katika nchi nyingi.

Nchini Malawi, katika hospitali ya St. Gabriel's huko Namitete, wahudumu wa kujitolea walikuwa wakitembea mwendo mrefu kupeleka ripoti za karatasi. Walipewa simu za kawaida, zile tunazoziita kabambe au mulika mwizi, wakaanza kutuma ripoti kwa ujumbe mfupi. Kutokana na kazi hiyo likakua shirika la Medic, ambalo sasa linasimamia programu huria inayotumiwa na wahudumu wa afya ya jamii katika nchi kadhaa.

Programu hiyo ndiyo msingi wa mfumo wa Kenya wa taarifa za afya ya jamii, unaojulikana kwa kifupi kama eCHIS. Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Rais alizindua ugavi wa mikoba ya vifaa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini. Hao ndio wengi huwaita CHP. Kila mmoja alikusudiwa kuhudumia takriban kaya 100, akiwa na vifaa vya kupimia na simu yenye programu hiyo.

Inafanyaje kazi? Mhamasishaji anapofika nyumbani huandikisha watu wa kaya: nani mjamzito, nani mtoto wa chini ya miaka mitano, nani anatumia dawa za kila siku. Mtoto akiwa mgonjwa, simu humuuliza maswali kwa mpangilio. Ana homa? Tangu lini? Anahara? Anakohoa? Anapumua kwa shida? Majibu humwongoza mhamasishaji: mtoto huyu atibiwe nyumbani, au apewe rufaa ya kituo. Kisha simu humkumbusha kurudi kumwona.

Chukua mfano wa kikohozi. Mhamasishaji huhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi asiyefika miaka mitano, ni 40 au zaidi. Ni rahisi kuchanganya namba hizi mtu akiwa amechoka, baada ya kutembea jua kali tangu asubuhi. Kukumbuka namba na kuilinganisha na umri ni kazi ambayo simu huifanya vizuri. Kumtuliza mtoto, kumwangalia kifua na kumsikiliza mama ni kazi ya mtu.

Jambo jingine lililofikiriwa vyema ni neti. Programu hii hufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao. Mhamasishaji huandika kila kitu, simu huhifadhi, na taarifa hutumwa baadaye akifika penye mawimbi. Kwa wanaoishi mbali na barabara kuu na reli, ndani kuelekea kwenye ranchi, hilo ndilo linaloamua kama kaya itahesabiwa au itasahaulika.

Ujumbe mfupi una nguvu kiasi gani?

Watu wengi hudhani kwamba mzazi hakosi kliniki ila kwa kusahau, na kwamba akikumbushwa atakuja. Wanasayansi walilipima wazo hilo hapa Kenya.

Huko Siaya, walezi wa watoto wachanga kutoka vijiji 152 waliandikishwa kati ya mwaka 2013 na 2014, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kundi moja halikupewa kitu. La pili lilipata ujumbe wa simu kukumbusha siku ya chanjo. La tatu lilipata ujumbe na shilingi 75 kila mtoto alipochanjwa kwa wakati. La nne lilipata ujumbe na shilingi 200. Watoto waliomaliza chanjo walikuwa asilimia 82 katika kundi la kwanza, 86 katika la pili, 86 katika la tatu, na 90 katika la nne. Tofauti ambayo watafiti waliiona kuwa ya uhakika ilikuwa ya kundi la shilingi 200.

Matokeo hayo yasisomwe kana kwamba wazazi wanataka kulipwa ili wawapende watoto wao. Hata kundi ambalo halikupewa chochote lilifikisha asilimia 82. Yanasema kwamba kumbukumbu peke yake haifuti nauli. Mama anaweza kuijua tarehe vizuri kabisa na bado akakosa pesa za boda boda, au akakosa mtu wa kumwachia mtoto mwingine. Anayetengeneza teknolojia ya kumsaidia mlezi lazima ajue kilichomzuia mlezi. Akikosea hapo, atamkumbusha mtu ambaye hakusahau.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2011, ulifanywa katika vituo 107 vya mashambani vya Pwani na magharibi mwa Kenya. Safari hii ujumbe ulitumwa kwa wahudumu wa afya, kuwakumbusha hatua za kutibu malaria kwa watoto, pamoja na maneno ya kuwatia moyo. Utoaji wa matibabu sahihi uliongezeka kwa takriban pointi 24 za asilimia, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma, mabadiliko yalikuwa bado yapo. Simu ilikuwa ya kawaida na ujumbe ulikuwa mfupi. Ulimfikia mtu anayefaa, ukampa jambo analoweza kulitenda siku hiyo hiyo.

Mahali ambapo mambo huharibika

Mtu anayeketi ofisini Nairobi au ng'ambo akibuni programu huwa na picha ya mtumiaji kichwani: mama kijana, ana simu yake, ina chaji, ina bando, anasoma vizuri. Tuilinganishe picha hiyo na maisha ya Miasenyi.

Simu mara nyingi ni ya nyumba, si ya mama. Baba akienda kazini huondoka nayo. Ujumbe wa kliniki unaingia saa nne asubuhi na kusomwa usiku. Tena ujumbe wa siri, kwa mfano wa ujauzito au wa vipimo, unasomwa na yeyote aliyeshika simu. Ubunifu mzuri humuuliza mlezi kwanza: tutume kwa namba ipi, na ni maneno gani yasiandikwe?

Kuchaji simu dukani ni pesa. Bando ni pesa. Kwa hivyo huduma ya afya ya mtoto isimlazimu mlezi kununua data. Ipo mifano mizuri. Huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health, inayotumika katika kaunti kadhaa nchini, huwajibu akina mama maswali yao kwa ujumbe mfupi, kwa Kiswahili na Kiingereza, bila mama kutozwa. Swali lenye dalili ya hatari hupelekwa mbele haraka, kwa mtu.

Lugha nayo si jambo dogo. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini nyanya aliyezoea Kidawida, Kisaghala, Kiduruma au Kikamba anaweza kuelewa Kiswahili cha sokoni na asielewe Kiswahili cha daktari. Ujumbe wa sauti, picha na rangi humfikia kuliko aya ndefu.

Kisha kuna wahamasishaji wenyewe. Akijaza daftari, halafu ajaze hayo hayo kwenye simu, teknolojia imemwongezea kazi mara mbili. Dakika anazopoteza kuandika ni dakika alizonyima kaya inayofuata. Wahamasishaji nao ni wazazi. Wana mifugo, mashamba, na watoto wa kuwapeleka kliniki. Wanatembea njia zile zile ambazo ndovu huvuka jioni. Mfumo unaowapangia kaya za kutembelea ujue kwamba katika eneo hili saa kumi na mbili jioni si saa ya mtu kuwa peke yake njiani.

La mwisho, na ndilo zito: rufaa. Simu inaweza kuandika neno "rufaa" kwa sekunde moja. Rufaa hiyo isipopata gari, au mtoto akifika akakuta mlango umefungwa, basi ni maandishi tu. Faida ya mfumo wa kidijitali ni kwamba rufaa ambayo haikukamilika inaweza kuonekana. Mtoto alitumwa Jumatatu, hadi Jumatano hajapokelewa popote. Taarifa hiyo ikimfikia msimamizi na msimamizi akachukua hatua, teknolojia imefanya kazi. Ikikaa kwenye seva bila kusomwa, haikumsaidia mtoto.

Taarifa za mtoto ni za nani?

Kila mara mhamasishaji anapoandika jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa na mahali anapoishi, anabeba siri ya nyumba. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, na inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kusimamia mifumo hii ya taarifa za afya nchini.

Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni hii. Mlezi ana haki ya kuambiwa taarifa zinachukuliwa kwa nini. Ana haki ya kuona kilichoandikwa kumhusu mtoto wake, na kukisahihisha kikiwa si sahihi. Akiona taarifa zimetumiwa vibaya, anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kuuliza si utovu wa adabu. Mhamasishaji aliyefunzwa vizuri hatachukizwa na swali.

Maswali matano ya kuuliza

Huduma za afya katika vituo vya mashinani ni jukumu la kaunti, na maoni ya wananchi ni haki ya kikatiba. Mradi wowote wa simu, programu au kompyuta wa afya ya watoto ukiletwa hapa, wakazi waulize haya katika baraza:

1. Je, utafanya kazi bila neti, na kwa simu ya kawaida?
2. Nani atalipa data, chaji na kifaa kikiharibika?
3. Ni walezi gani wa eneo hili walioujaribu kabla haujakamilika, na walibadilisha nini?
4. Taarifa za mtoto zitahifadhiwa wapi, na nani ataziona?
5. Mradi ukiisha, rekodi zitabaki kwa nani?

Swali la tatu ndilo ambalo husahauliwa. Mara nyingi wananchi huitwa kushuhudia uzinduzi, wakati kila kitu kimekwisha kuamuliwa. Wakati wa kumwita nyanya wa Miasenyi ni pale mwanzoni, programu ikiwa bado michoro kwenye karatasi. Aonyeshwe picha, aulizwe anaelewa nini, na jibu lake liandikwe. Asipoelewa, picha ndiyo ibadilishwe.

Mambo ya kufanya kuanzia sasa

Kwanza, tunzeni kijitabu cha kliniki. Kiwekeni kwenye mfuko wa plastiki, mbali na maji na panya. Chanjo za kawaida za mtoto huanza anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu mwezi wa 9 na mwezi wa 18. Vitamini A huanza miezi 6 na kurudiwa kila miezi sita hadi miaka mitano. Aliyekosa tarehe asiogope kurudi. Kuchelewa ni afadhali kuliko kuacha.

Pili, mjue mhamasishaji wa kijiji chako na hakikisha kaya yako imeandikishwa, pamoja na watoto wanaolelewa na nyanya au shangazi. Mtoto asiyeandikishwa hakumbukwi na simu yoyote.

Tatu, mwenye simu ya nyumba na mlezi wa mtoto wakubaliane: ujumbe wa kliniki ukiingia, unamfikia mlezi siku hiyo hiyo. Akina baba, hili ni lenu.

Nne, mtoto akihara, mpeni maji ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini na vidonge vya zinki kama mlivyoelekezwa, na aendelee kunyonya na kula.

Tano, kuna dalili ambazo hazingoji simu, ujumbe wala foleni. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa. Anayetapika kila kitu. Aliyepata degedege. Aliyelegea sana au asiyeamka. Anayepumua haraka au ambaye kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi. Huyo apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku au mchana. Kila kijiji kikubaliane mapema ni boda boda au gari la nani litakaloitwa, na namba yake iandikwe mahali ambapo hata mtoto wa shule anaweza kuisoma.

Makubaliano hayo nayo ni teknolojia, na hayahitaji mfadhili wala neti. Yakiwepo, simu ya mhamasishaji ikisema "rufaa", kutakuwa na mtu wa kuwasha pikipiki.

Sasa ni zamu ya walezi kuuliza na kusema, na walio nyuma waanze.